Shikamoo ya Kihenge cha Pili

Ninyi mnaobaki pale ghalani mmeniomba niandike kidogo kabla sijasahau. Nimekubali, ila msinisahihishe. Shule niliiacha darasa la sita, na kalamu niliyoizoea ni ile nene ya kuandikia magunia. Vyeo sitavitaja, na mshahara hauna hadithi. Nitaandika habari za nafaka inayokwama, maana hiyo ndiyo kazi niliyoifanya kuliko nyingine zote: kukaa chini ya kihenge kilichojaa, mlango ukiwa wazi, na kisitoke kitu. Na nitaandika habari za mdogo wangu Deo, ambaye wengi wenu mnadhani ni mwanangu.

Kudhani hivyo si kosa lenu. Mama yetu alitangulia, baba akafuata Deo akiwa bado anajifunza kutembea. Tulibaki watatu: mimi Paskalina, mkubwa, Agnes wa kati, na Deo. Baada ya mazishi ndugu walikaa uani kwetu Bonga wakaanza kutugawa. Agnes aende kwa shangazi, Deo kwa baba mdogo, mimi nitafutiwe kazi za ndani. Nilikuwa nawamiminia chai. Nikaweka birika chini nikasema hatugawanyiki. Sauti ile sijui niliitoa wapi, na siku nyingine nilizoihitaji sikuiona. Baba mdogo akaniuliza, "Mtakula nini?" Nikajibu, "Tutakula." Akanitazama, akamaliza chai yake, na mjadala ukaishia hapo.

Wiki iliyofuata nilifika ghalani na Deo mgongoni. Walikuwa wanatafuta wanawake wa kuchambua mbaazi, na mimi nilikuwa bado msichana, lakini mtoto mgongoni humwongezea mtu umri. Walinipa ungo na nafasi kwenye mkeka, karibu na mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka kilima cha pili. Huyo alikuwa Mama Neema. Akamfunua Deo kitambaa usoni.

"Huyu mtoto wa nani?"

"Wa baba."

"Na wewe?"

"Wa baba huyohuyo."

Wakacheka mkeka mzima, kisha wakaelewa, wakaacha. Mama Neema akasema, "Basi wewe ni Mama Deo," akasogea kunipa nafasi ya kunyoosha miguu. Jina hilo sikulivua tena. Hata kwenye kadi ya kliniki waliliandika, na mimi sikubishana na nesi.

Nilimlea Deo kwa jambo moja kubwa: salamu. Mtoto asiye na wazazi watu humtazama mara mbili, na mara ya pili wanatafuta kasoro. Nilimwambia mtu yeyote aliyekuzidi umri usimpite bila kumwamkia. Akalishika somo hilo mpaka likapitiliza. Alipokuwa mdogo alimwamkia beberu wa jirani kwa sababu alikuwa na ndevu. Mama Neema aliisimulia hadithi hiyo kila mwaka, tena mbele ya Deo, na kila mwaka beberu alizidi kuwa mzee.

Mkekani nilikaa miaka mingi. Nikapanda kwenye mizani, nikajifunza kutumia bambo, ile ncha ya chuma tunayochomea gunia ili kutoa nafaka kidogo na kuona kilicho katikati, maana juu ya gunia kila mkulima ni mwaminifu. Kisha ghala likanunua vihenge vya bati, vile virefu mnavyovijua, na mambo yote niliyodhani nayajua yakaanza upya.

Aliyeletwa kuvisimamia ni Mzee Bura. Alikuwa mtu wa huko juu Mbulu, mwembamba, mpole, mwenye koti lilelile jua na mvua. Alikuwa amefanya kazi kwenye vihenge vya mashamba makubwa ya ngano na alikuwa anaongea navyo. Sisemi kwa mzaha. Alikuwa anaweka kiganja kwenye bati, anagonga kwa nyundo ya mbao, anategea sikio, halafu anasema, "Haya, mama, shuka taratibu." Tulipoulizwa nani anataka kujifunza kazi ya chini, wanaume walitazama pembeni kwa sababu ya vumbi. Nikanyoosha mkono. Vumbi nilikuwa nimeshalizoea.

Kazi ya chini, kwa wasioijua, ni hii. Kihenge kina mdomo chini, na mdomo una mlango unaofunguliwa kwa usukani mdogo wa chuma. Ukizungusha, nafaka inamiminika kwenye mkanda unaoisafirisha. Mahindi makavu hutoka kama maji ya bomba, yana sauti yao, unaweza kusinzia. Kisha, bila jambo lolote kutokea, yanasimama. Mlango uko wazi, juu kuna tani zisizo na idadi, na hapo mdomoni haidondoki hata punje moja.

Mara ya kwanza nilidhani kuna jiwe. Mzee Bura akafunga mlango, akanionyesha kwenye kidirisha cha pembeni. Hapakuwa na jiwe. Punje chache zilikuwa zimebanana juu ya mdomo, zimejikunja kama paa la nyumba, na paa hilo dogo lilikuwa limebeba mzigo wote wa juu.

"Ipi imekwama?" nikauliza.

"Hakuna iliyokwama," akasema. "Kila moja inamsubiri jirani yake apishe. Na jirani naye anamsubiri jirani."

"Sasa nani aanze?"

"Ndiyo kazi yetu. Kumtafuta wa kuanza."

Akagonga begani mwa kihenge, mara moja, si kwa nguvu. Mahindi yakashuka yote kama yaliyokuwa yanangoja ruhusa. Nami kwa kiherehere nikachukua nyundo kesho yake, yalipokwama tena, nikapiga kama napiga ngoma ya harusi. Hayakushuka. Yalizidi kukaza. Mzee Bura akanitoa nyundo mkononi kwa upole. Akasema ukitikisa kidogo unawapa nafasi, ukitikisa sana unawapanga vizuri, na waliopangwa vizuri hawatoki.

Kila nafaka ina tabia yake. Mbaazi ni duara, zinateleza, hazina kinyongo. Mahindi yaliyokauka vizuri ni watu wa kawaida. Mahindi yanayotoka Sigino, yale ya mwaka wa mvua, yakiletwa kabla hayajakauka, yanashikana kama ndugu wanaogombea shamba. Na alizeti, Mungu anisamehe, alizeti nyepesi yenye ncha inakwama hata kwenye mdomo ambao ng'ombe angepita. Mkipewa alizeti, fungueni mlango wazi kabisa tangu mwanzo. Nusu mlango ni kujitafutia kazi.

Jambo jingine alilonionyesha ni kwamba kihenge kilichosimama hakijasimama. Tulikijaza cha pili mpaka juu, tukaweka alama ya chaki ukutani ndani. Baada ya siku kadhaa, bila mtu kutoa hata kisado, mahindi yalikuwa chini ya chaki. Siku zilizofuata yakashuka tena, lakini kidogo zaidi, na baadaye kidogo zaidi ya hapo. Yalikuwa yanaendelea kutafutana nafasi, na kila nafasi iliyopatikana ilikuwa ngumu kuliko iliyotangulia. Nilikuwa napanda ngazi kuangalia ile chaki hata pasipo haja. Agnes alikuwa ananicheka, anasema wenzangu wanatazama televisheni.

Sasa ile salamu. Wengi wenu mnaifanya kwa mazoea, na nataka mjue ilikotoka.

Wakati mwingine mtu analazimika kuingia juu, kupitia kidirisha cha paa, avunje kwa mti mrefu ukoko uliogandia ukutani. Aliye chini hamwoni. Akifungua mlango mtu akiwa ndani, mahindi yanamvuta miguu, yanamfunika. Kwa hiyo kabla ya kugusa usukani lazima uulize kama juu kuna mtu. Mzee Bura alisema huko alikotoka walikuwa wanaita, "Kuna mtu?" na mtu yuko kazini, kichwa kimejaa vumbi, hajibu. Siku moja jamaa mmoja alijibu kutoka ndani kabisa, "Hakuna mtu!" Alikuwa anadhani anaulizwa kuhusu ofisini.

Basi wakabadilisha. Wakaanza kuita "Shikamoo!" Salamu hiyo mtu hawezi kuiacha chini. Jibu linatoka mdomoni kabla hajafikiri. Ukisikia "Marahaba" toka juu, unaondoa mkono kwenye usukani, unasubiri ashuke. Ukiita mara mbili, ukanyamaza ukasikiliza, na hakuna marahaba, unafungua.

Mama Neema akauliza, "Na aliye juu akiwa mtoto? Mzee mzima nimwamkie mtoto?"

Mzee Bura akasema, "Mkono wako uko kwenye usukani, uhai wake uko mkononi mwako. Kwa muda huo yeye ndiye mkubwa. Mwamkie."

Tukacheka, tukazoea. Ilikuwa raha kuwasikia wapakiaji vijana wakiitikia "Marahabaa!" kwa sauti nzito ya kibabu, na wengine wakiongeza, "Hujambo mjukuu wangu?" Meneja alisikia mara moja akadhani watu wanamdhihaki Mzee Bura. Ikabidi aelezwe.

Deo alikuja kufanya kazi ghalani alipomaliza kidato cha nne. Nilitaka aendelee na masomo, na yeye alitaka mimi nipumzike, na hakuna aliyeshinda. Alikuwa mrefu, mwepesi, hana woga wa ngazi, kwa hiyo wakampa kazi ya juu. Ile kanuni aliambiwa siku ya kwanza, na alinitajia mwenyewe nyumbani bila kukosea neno.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya jua kali, saa za mchana, malori mawili uani yakingoja mahindi. Kihenge cha pili kilikuwa kimekwama tangu asubuhi. Deo akamwambia mpakiaji mmoja kwamba anapanda kuvunja ukoko, na mpakiaji akaenda kunywa chai na habari hiyo. Kamba ya kujifunga kiunoni ilikuwepo, ila siku hiyo ilikuwa inafunga turubai la lori. Mzee Bura alikuwa amekwenda kuandaa mkanda wa kihenge cha kwanza. Aliporudi akaweka mkono kwenye usukani wa cha pili, akaita kwa sauti yake yote, "Shikamoo!" Akasikiliza. Akaita tena, "Shikamoo!" Akasikiliza. Mimi nilikuwa kwenye mizani na nilimsikia mara zote mbili. Juu kulikuwa kimya. Akafungua.

Nilitoka mizani kwenda kumwita dereva, nikapita nyuma ya kihenge ilipo ngazi. Chini ya ngazi kulikuwa na ndala za bluu, moja mkanda wake umeshikizwa kwa waya. Waya ule niliuzungusha mimi mwenyewe.

Sikumbuki nilipiga kelele gani. Mama Neema anasema nilisema "Funga," wengine wanasema nilikuwa naita jina tu. Mzee Bura alifunga usukani kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwa mtu wa umri wake. Nikapanda ngazi. Wa kwanza kufika kidirishani nilikuwa mimi, na bado nilikuwa na bambo mkononi.

Deo alikuwa katikati, amezama mpaka kifuani, mikono juu ya mahindi kama mtu aliyeketi mezani. Macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi.

"Deo!"

"Dada."

"Umeumia?"

"Sijaumia. Nimebanwa."

"Usiongee."

"Umeniuliza."

Wapakiaji wawili walishapanda nyuma yangu, wakamrushia kamba, wakaanza kuvuta. Deo akalia, kilio ambacho nilikuwa sijakisikia tangu akiwa mtoto. Kutoka kwenye ngazi Mzee Bura akapaza sauti, "Msimvute! Acheni! Mtang'oa mikono, mwili utabaki."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa mwili wangu kile nilichokijua kwa kichwa. Dakika chache nyuma mahindi yale yalikuwa yanatembea kama maji. Sasa yamesimama, na yamemshika kama saruji. Kila tulipomvuta, punje zilibanana zaidi. Na kila alipotoa pumzi kifua kikanywea kidogo, mahindi yalichukua nafasi ile, na hayakuirudisha. Alikuwa anapumua juujuu, kila pumzi fupi kuliko iliyopita. Hakuna punje hata moja iliyokuwa na nia mbaya. Hazikuwa na pa kwenda.

Mzee Bura akaagiza mabati yaliyobaki ya kuezekea, yale yaliyokuwa nyuma ya ghala. Wakayapitisha kidirishani moja moja. Nikafungwa kamba kiunoni, ile ya turubai, wamekwisha kuifungua, na Mama Neema akaishika upande wa pili huku akisali na kutukana kwa zamu. Nikashuka juu ya mbao iliyolazwa, nikakaa mbele ya Deo. Tukazamisha bati la kwanza mgongoni kwake, tukilichezesha kulia na kushoto mpaka likaingia. La pili, la tatu, la nne. Akawa ndani ya kisanduku cha bati kama mche wa mparachichi. Mahindi ya nje hayakuweza tena kumsogelea. Ndipo nikachukua sado, lile kopo la kupimia nafaka, nikaanza kuchota ya ndani na kuyatupa nje, sado kwa sado.

"Pumua," nikamwambia.

"Napumua."

"Pumua zaidi."

"Dada, ndala zangu zipo?"

"Zipo."

"Usiziache pale, wataiba."

"Wataiba ndala zenye waya?" akafoka Mama Neema kutoka juu. "Nyamaza upumue, mwamkia mbuzi!"

Deo akacheka, akakohoa, na kwa kucheka kule nikaona kifua kimeinuka. Mahindi yalikuwa yameshuka mpaka tumboni. Nikachota. Yakafika mapajani. Yalipofika magotini akatikisa mguu mmoja, ukatoka, kisha wa pili. Tulimtoa kidirishani akiwa hai, kisha nikashuka ngazi. Nikakaa hapohapo kwenye ndala zake.

Mzee Bura hakuwepo pale chini. Nilimkuta amekaa kando ya usukani, koti amelivua na kuliweka mapajani.

"Niliita, Mama Deo," akasema.

"Nilikusikia, mzee. Uliita mara mbili."

"Niliita," akasema tena. Hakuna mtu aliyemlaumu, na hilo nadhani lilimuumiza zaidi.

Hospitali walimkuta Deo na mbavu zilizotikisika na macho yaliyojaa vumbi, wakamrudisha nyumbani. Jioni ya kwanza nilimpa uji nikamuuliza, "Hukumsikia Mzee Bura?"

"Nilimsikia. Mara zote mbili."

"Sasa?"

Akakoroga uji muda mrefu. "Dada, yule ni babu. Ana mvi. Aniamkie mimi?"

"Kanuni unaijua."

"Naijua. Nilifungua mdomo neno halikutoka. Nikasema, 'Shikamoo, mzee.' Polepole. Nilidhani atasikia."

Bati halikuipitisha sauti ya adabu. Nilikaa nikamtazama kijana niliyemfundisha mwenyewe asimpite mtu mzima bila kumwamkia. Nilimwongezea uji.

Siku chache baadaye Mzee Bura alipanda mpaka kwetu Bonga kwa miguu, na asali kwenye chupa. Deo alikuwa amelala kwenye mkeka barazani. Alipomwona akaanza kujiinua, mkono mbavuni, ili amwamkie. Mzee akamzuia bega.

"Lala. Leo naanza mimi." Akavua kofia. "Shikamoo, Deo."

Agnes aliyekuwa anapepeta mahindi akaacha. Deo akanitazama mimi. Nikatazama chini. Hilo halikuwa langu.

Mzee akasubiri. Hakurudia, hakuharakisha, alisubiri kama alivyokuwa anasubiri mbele ya kihenge. Machozi yakamtoka Deo kwanza, na baadaye sana, kwa sauti ya kukwaruza, akasema, "Marahaba."

"Umeona?" Mzee Bura akasema. "Mbingu haijaanguka." Akamfungulia chupa ya asali.

Ghalani meneja alileta kengele ya umeme. Ni nzuri, endeleeni nayo. Lakini kengele inamwambia aliye juu kwamba mlango utafunguliwa. Haimwambii aliye chini kama juu kuna mtu. Kwa hiyo salamu ilibaki, na tukaongeza mawili: anayepanda anaacha viatu vyake upande wa usukani, si nyuma kwenye ngazi, na asiyeweza kuitikia haruhusiwi kupanda. Hilo la mwisho ni la Deo. Alirudi kazini, akawa mtu wa juu mzuri kuliko wote tuliowahi kuwa nao, na aliitikia wazee, mapadri waliotembelea, hata meneja. Lakini Mzee Bura alipostaafu, mimi nikashika usukani. Siku hiyohiyo Deo alimwendea msimamizi anayepanga zamu.

"Kwa wote nitaitikia," akasema. "Kwa dada siwezi. Yule ni mama yangu."

Wengine walimwona mkaidi. Mimi nilishukuru. Mtu anayesema hawezi, unajua umweke wapi. Tangu hapo, siku nilipokuwa kihenge cha pili, Deo alikuwa cha kwanza au kwenye malori. Tulifanya kazi hivyo miaka yote iliyobaki, jengo moja, hatukukutana juu na chini.

Miaka ya karibuni Veronika, mtoto wa Agnes, aliingia chuo kikuu kusoma fizikia. Likizo moja alikuja na kompyuta yake, akaiweka juu ya meza yangu kando ya bakuli la mbaazi, akasema, "Mama mkubwa, njoo uone kazi yako."

Kwenye kioo kulikuwa na viraba vingi kama ubao wa drafti, na vidoto vyeusi vikirukaruka. Akanieleza sheria yake. Kidoto kinaruhusiwa kuhama kama tu majirani zake wamekiachia nafasi ya kutosha, kinakotoka na kinakokwenda. Basi, hakuna sheria nyingine. Mwanzo vilicheza kama watoto. Akaongeza vidoto kidogo, vikapungua mwendo. Akaongeza tena. Sasa kilikuwa kinahama kimoja hapa, unasubiri, kingine kule. Akaongeza vichache tu, na ubao mzima ukasimama.

"Lakini nafasi bado zipo," nikasema. Viraba vyeupe nilikuwa naviona.

"Zipo. Ila haziwafikii wanaozihitaji."

"Hiyo ni zahanati siku ya kliniki."

Akacheka. Akasema wanasayansi wanadhani kioo, hiki cha dirishani, kina tabia ya namna hiyo. Chembe zake hazikujipanga kwa mistari kama chumvi. Zimevurugika vilevile kama zilivyokuwa zikiwa uji wa moto, ila zimekosa pa kupita. Kwa nini hasa zinasimama, hawajakubaliana. Kisha akaniwekea picha mbili, moja ya vidoto vinavyotembea na nyingine ya vilivyosimama, akaniambia nichague. Nilitazama kwa miwani na bila miwani. Zilikuwa sawasawa.

"Hata mimi siwezi kuchagua," Veronika akasema. "Ndiyo shida yenyewe. Ukitazama tu hujui. Mpaka usukume uone."

Alirudi chuoni, na ile habari ya picha mbili ikabaki nami. Nilimfikiria Mzee Bura, marehemu sasa, ameweka mkono kwenye usukani na anasikiliza. Kimya cha kihenge kisicho na mtu na kimya cha kijana mwenye adabu vilifika sikioni mwake vikiwa kimya kimoja. Asingeweza kuchagua. Nilitamani angeiona ile kompyuta.

Siku yangu ya mwisho ninyi mlikuwepo, lakini nadhani si wote mlielewa mlichokiona, ndiyo maana naiandika. Keki ilikuwa ofisini, na kihenge cha pili, kwa heshima yangu, kilikuwa kimekwama. Mahindi ya Sigino. Neema, mtoto wa Mama Neema, ndiye aliyepewa usukani baada yangu, nikasema basi nikamwonyeshe kwa mara ya mwisho.

Tulipokuwa tunafika nikamwona Deo anavua viatu. Akaviweka upande wa usukani, sambamba, akafunga kamba kiunoni, akazunguka kwenda kwenye ngazi. Mvi zake zinazidi zangu siku hizi. Msimamizi akafungua mdomo, Deo akamwinulia mkono. Tukasikia ngazi ikilia, kidirisha kikifunguka, kisha mti ukigonga ukuta ndani.

Nikaweka mkono kwenye usukani. Neema akaninong'oneza, "Mama Deo, unaita wakati umemwona anapanda?"

"Hata ukimpandisha mwenyewe, unaita."

Nikaita. "Shikamoo!"

Mti ulinyamaza. Uani mlinyamaza nanyi. Nilisikiliza kama nilivyofundishwa, mdomo wazi kidogo, na ndani ya bati hapakutoka kitu. Nilikuwa najua yupo. Nilikuwa nimeviona viatu. Na bado mkono wangu juu ya chuma kile ulikuwa umelowa.

"Shikamoo!" nikaita tena, na sauti ikanitoka nyembamba, ya yule binti mwenye birika.

Ikapita pumzi, labda mbili. Kisha kutoka juu, nzito, ya kibabu kabisa, mpaka bati likavuma:

"Marahaba, mwanangu! Hujambo?"

Mlicheka wote, na Neema akapiga makofi. Mimi nilisema sijambo, sidhani kama alisikia. Nikaondoa mkono kwenye usukani, nikakaa kwenye kiti cha Mzee Bura karibu na viatu vyake, nikamsubiri mdogo wangu ashuke.